Nani hununua nyanya kwa Kiingereza pale Majengo?

Mwalimu wa Kiingereza akitaka wanafunzi wake wafungue mdomo, mara nyingi hukimbilia igizo dhima: wewe muuzaji, wewe mnunuzi, njooni mbele. Wanaoipenda mbinu hii wanasema humtoa mtoto kwenye kunakili ubaoni, akaanza kusema. Wanaoipinga wanasema inakula kipindi bure.

Naanza na wapinzani, maana kwenye semina hawasikilizwi. Kipindi ni dakika 40. Katika shule ya kata huku Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, mkondo mmoja unaweza kuwa na wanafunzi 60 na zaidi. Jozi ikipewa dakika tatu mbele ya darasa, hazitafika jozi 14, na waliobaki wamekaa tu. Tena mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, na nyumbani pengine anaongea Kigogo, hana maneno ya kutosha. Anakariri alichoandikiwa na mwalimu, anakitema, anarudi kukaa. Wenzake wakicheka matamshi yake, hanyooshi mkono tena muhula mzima.

Hayo yote ni kweli, ila yanarekebishika. Darasa zima linaweza kuigiza kwa wakati mmoja, wawili wawili, palepale kwenye madawati. Kelele zitakuwepo, na mkuu wa shule inabidi azivumilie. Mwalimu anazunguka, anaandika makosa yanayojirudia, kisha mwishoni anayasahihisha ubaoni bila kumtaja mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni igizo lenyewe. Soko la Majengo, Dodoma mjini, mama muuza nyanya anaongea Kiswahili, na mteja vilevile. Mtoto anajua hivyo. Ukimwambia aulize "How much are these tomatoes?" unamtaka ajifanye hana lugha aliyonayo, na mwalimu akigeuka tu, jozi inarudi kwenye Kiswahili. Siwalaumu.

Mpe hali inayodai Kiingereza. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na wageni wanakuja kuiona. Mwanafunzi mmoja awe mwongoza wageni. Mwingine awe mgeni, na kwenye kikaratasi chake, ambacho mwenzake hakioni, kumeandikwa: goti linauma, huwezi kupanda mlima mrefu, una saa moja tu. Hapo hakuna cha kukariri. Mwongozaji lazima aulize, asikilize, apange upya safari, na yule wa goti lazima ajieleze hata kama sarufi inayumba.

Kwenye mtihani, wapinzani wananishinda nusu. Karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne ni ya kuandika. Mtaala wa sekondari umeegemea umahiri, yaani uwezo wa kutumia unachojifunza, tangu 2005, lakini mwalimu anapimwa kwa ufaulu, kwa hiyo anachagua kufanya maswali ya miaka iliyopita. Ndiyo maana sidai igizo kila siku. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha, na kikianza kidato cha kwanza, faida yake inavuka somo la Kiingereza. Baiolojia nayo inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na anayeshindwa kuuliza swali darasani hukaa na asichokielewa mpaka siku ya mtihani. Igizo ambalo ningelianza nalo kesho ni hili: mmoja jana hakuja shule, mwingine anamweleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, na asiyekuja anaruhusiwa kumkatiza kila asipoelewa.