Tusiwatishe kina mama kwa unene

Wapo wanaowatisha kina mama kwamba mtoto akipewa antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, atakuwa mnene. Kwamba zinaweza kunenepesha si uzushi. Tangu miaka ya 1950 wafugaji walikuwa wakizichanganya kidogo kidogo kwenye chakula cha mifugo ili ikue haraka; Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jambo hilo mwaka 2006. Mwaka 2014 timu ya mtafiti Martin Blaser, New York, iliwapa panya wachanga penisilini kidogo wakanenepa. Bakteria wao wa tumboni walipopandikizwa kwa panya wasio na bakteria, nao wakaongeza mafuta.

Kwa watoto mambo hayajanyooka hivyo. Utafiti wa mjini Philadelphia, Marekani, wa 2014 ulikuta waliopewa antibayotiki mara nyingi kabla ya miaka miwili wakiwa na uwezekano mkubwa kiasi wa kunenepa. Mwaka 2016, mjini humohumo, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 38,000, wakiwemo mapacha ambao mmoja alipewa dawa katika miezi sita ya kwanza na mwenzake hakupewa. Hadi miaka saba, uzito haukutofautiana kwa maana yoyote. Mimi mapacha hao ndio walionishawishi: mama mmoja, sufuria moja.

Kwa hiyo sikubali mama atishwe kwa unene. Mtoto anayepumua mbiombio, kifua kikibonyea kila anapovuta hewa, anahitaji matibabu leo hii. Hofu ya kitambi isimcheleweshe.

Kinachoniuma ni kaunta ya duka la dawa. Utafiti uliotoka mwishoni mwa 2019 katika nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulikadiria kwamba mtoto huandikiwa antibayotiki takriban mara 25 kabla ya kutimiza miaka mitano. Mara 25! Mama anasema, "Mtoto ana mafua," na tayari chupa ya amoksilini ya unga iko mezani: "Tia maji mpaka kwenye mstari, kijiko kimoja kutwa mara tatu." Mafua ni virusi, dawa hiyo haiviwezi. Tumbo likivurugika mtoto akaanza kuharisha, mama anarudi na kupewa flajili, antibayotiki nyingine, wakati mtoto alihitaji ORS (maji ya chumvi na sukari) na zinki. Huku vijidudu vinazidi kuwa sugu.

Muuzaji aulize kwanza: ana umri gani, anapumuaje, ananyonya? Kama ni mafua tu, amwambie mama azidishe kunyonyesha, na akimwona anapumua kwa shida au amegoma kunyonya, akimbilie kituo cha afya, hata kama ni usiku.