Sio kodi, ni utumwa
Kuna mwandishi anasema vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ile ya Kaskazini na Kusini iliyoanza 1861, ilikuwa ya kodi na haki za majimbo, hapana jamani, hapo nakataa kabisa. Katiba yao ya 1787 ilihesabu watumwa watano kama watu watatu, kura hawana lakini wanawaongezea mabwana zao viti bungeni, sasa siasa hiyo utaitenganishaje na utumwa? 1856 mbunge Preston Brooks kaingia ukumbi wa Seneti kamtandika seneta Charles Sumner kwa bakora mpaka akalowa damu, kisa hotuba ya Sumner ya kupinga utumwa usienee eneo la Kansas, na watu wa Kusini, kwenye majimbo ya watumwa, wakamtumia Brooks bakora mpya za zawadi!! Inauma sana. Halafu jimbo la Kusini la Mississippi lilivyojitoa kwenye muungano wa Marekani 1861 liliandika lenyewe kabisa kwamba msimamo wake ni utumwa, kasome tamko lao, liko mwanzoni tu.