Punguzeni Orodha ya Matembezi

Kundi letu la wazazi wanaosomesha watoto nyumbani hapa Mombasa lina ugonjwa wa orodha. Kila mwanzo wa mwezi mtu anatupa mapendekezo kwenye wasapu: Fort Jesus, Haller Park, Mamba Village, stesheni ya SGR kule Miritini, kiwanda cha mtu anayefahamiana na mtu. Mwezi huu hapa, mwezi ujao kule, na palipokwisha kwendwa panapigwa mstari kama deni lililolipwa. Mtu akithubutu kusema turudi Haller Park anajibiwa: "Si tulienda mwaka jana?"

Mimi nasema turudi. Afadhali watoto waende mahali pawili au patatu mwaka mzima, warudi na kurudi, na kila wakienda wawe na kazi ya mikono inayowangoja, kazi ambayo mtoto mmoja hawezi kuimaliza peke yake.

Ninajua orodha imetoka wapi. Anayesomesha nyumbani ana kesi isiyokwisha: "Huyo mtoto atacheza na nani?" Mama mkwe anauliza, jirani anauliza, hata mkata tikiti wa langoni anauliza, Jumanne saa nne asubuhi: "Hawa mbona hawako shule?" Na sheria nayo haitupi pa kuegemea sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, kwa hiyo wengi wetu tunatembea na wasiwasi kidogo mfukoni. Basi picha za matembezi zinakuwa utetezi wetu. Huyu hapa mtoto, anacheka, yuko na wenzake, nyuma yake kuna twiga. Zinatumwa kwa shangazi Nairobi na kwa bibi, kesi inaahirishwa mpaka mwezi ujao.

Lakini mtoto ana mahitaji yake, na picha haziyagusi. Tazama anavyosoma siku za kawaida. Wengi wetu tunatumia mitaala ya vijitabu: mtoto anakaa mezani, anajisomea, anajaza, anajisahihisha, anachukua kijitabu kinachofuata. Siudharau utaratibu huo. Wangu umewafunza kutosubiri kusukumwa. Kinachokosekana ni mtu wa pili: wa kushika upande wa pili wa kamba, au wa kumwambia "umepima vibaya" bila kuwa mama yake. Matembezi ya kikundi ndiyo nafasi ya pekee ya kumpata huyo mtu, nasi tunaitumia kuwapanga watoto foleni wamsikilize mwongoza wageni.

Chukueni Haller Park hiyohiyo. Watoto wote wa pwani wanajua habari ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaja kufanya urafiki na kobe mzee. Ni habari tamu, na twiga kula mkononi mwa mtoto ni raha isiyohitaji maelezo. Ila mahali pale pana habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, nayo inapitwa watu wakikimbilia twiga. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa jeupe la matumbawe, chini maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti. Katika aina 26 zilizopandwa ni 3 tu zilizostahimili, na mmoja wao ni mvinje. Mvinje ukamea, lakini majani yake makavu yakalala chini bila kuoza. Kilichofungua fundo ni jongoo. Waliletwa majongoo, wakayala yale majani, wakatoa kinyesi, udongo ukaanza kujengeka, na miti mingine ikapata pa kushika.

Sasa hilo ni jambo la kufanya kwa mikono, na halihitaji hata tikiti ya pili. Ndoo mbili zenye matundu, majani ya mvinje yaliyookotwa ufukweni, maji kidogo, majongoo katika ndoo moja, nyingine isiwe nayo. Ndoo zikae kwa familia moja, watoto wapokezane zamu ya kuzitazama na kuandika. Baada ya wiki kadhaa warudi Haller Park, na safari hii wataangalia chini kabla ya kuangalia twiga. Mtoto aliyefuga jongoo anauliza swali ambalo hata mwongoza wageni halisikii kila siku.

Fort Jesus ni vivyo hivyo. Siku ya kwanza watoto hukimbilia mizinga, na waacheni wakimbie. Siku ya pili wagaweni mafungu mawili. Moja lipande juu kwenye buruji, yaani sehemu ya ukuta iliyochomoza penye kona ya ngome, la pili lizunguke nje chini ya ukuta. Wa juu wakipoteza kuwaona wa chini wapige kelele, na mwenye karatasi aweke alama. Wakihamia buruji jingine wanagundua kwamba pale walipojificha wenzao kutoka hapa, kule wanaonekana vizuri kabisa. Hapo wameielewa ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa namna ambayo kibao cha maelezo hakiwezi kuwapa, na jiometria ya pembe imeingia bila kuitwa jina. Wakubwa wanaweza sasa kuulizwa: kama kila upande unalindwa na mwenzake, Waomani walifanyaje mpaka wakaichukua mwaka 1698? Jibu, kwamba ngome ilizingirwa tangu 1696 na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi, litawakuta wana hamu ya kulisikia.

Lakini kama ningelazimishwa kuchagua mahali pamoja tu, ningechagua mikoko.

Kwanza kwa sababu mikoko inamlazimisha mtoto kujua bahari ina saa zake. Huwezi kwenda tu kwa sababu Alhamisi ni siku ya matembezi. Lazima ujue maji. Hapa kwetu siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, mambo ni mengine. Mtoto anayefuatilia tarehe za mwezi kwa ajili ya Ramadhani tayari ana nusu ya elimu hiyo kichwani, hajaambiwa tu kwamba ni elimu. Mpeni kijiti chenye alama akichomeke kwenye tope, wenzake wasome maji yalipofika kila robo saa, kisha wachore. Kesho yake mmoja anayekaa karibu aende aone kama maji yamefika pale saa ileile. Hayatafika. Yanachelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, na mtoto aliyeyangojea mwenyewe hatahitaji kukaririshwa.

Pili kwa sababu mikoko inaguswa, inalambwa, inanuka. Lambeni jani la mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko: lina chumvi, kwa kuwa mti unaitoa kupitia majani. Tazameni mizizi yake iliyochomoza kutoka kwenye tope ili ipumue. Okoteni mbegu ya mkoko, ule mti hasa uliozipa jina aina zote, ambayo huchipua ikiwa bado juu ya mti na kudondoka ikiwa mche tayari. Mlilana hukaa mbele baharini, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu huelekea nchi kavu. Watoto wakivuta kamba kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu na kuhesabu miti inayoguswa na kamba, mpangilio huo unajitokeza wenyewe kwenye karatasi. Hii kazi ya kamba haifanyiki na mtoto mmoja. Mmoja anashika mwanzo, mmoja mwisho, mmoja anataja mti, mmoja anaandika, na mmoja amezama tope mpaka magotini, wenzake wanamvuta huku wanakufa kwa kicheko.

Tatu, na ndiyo sababu yangu hasa, mikoko inamwadhibu anayekuja mara moja. Watu wanapenda sana kupanda. Wanafika na fulana mpya, wanachomeka miche, wanapiga picha, wanaondoka. Miche mingi inayopandwa hivyo hufa, mara nyingi kwa kupandwa mahali pasipo pake, kwa mfano mkoko kuchomekwa mbele panapostahili mlilana. Kikundi cha watoto kinachorudi baada ya miezi kikahesabu iliyo hai kinapata hesabu ya asilimia yenye uchungu ndani yake. Mtoto aliyekuta miche 9 hai kati ya 40 aliyoipanda kwa mikono yake anataka kujua kwa nini, na anataka kujaribu tena. Sijaona karatasi ya maswali inayoweza kufanya hivyo. (Msiingie kupanda kiholela. Hori nyingi, yaani ghuba ndogo za bahari, zina kikundi cha wenyeji kinachotunza mikoko, na wazee hao wanajua ni mche gani unaenda wapi. Watoto waamkie, wajitambulishe, ndipo waulize.)

Wakubwa wapelekwe Gazi, Kwale. Pale kuna mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 umekuwa ukiuza hati za kaboni, yaani hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, fedha zikaenda kwenye mambo ya kijiji kama maji na shule. Kaboni hukadiriwa kwa kupima unene wa shina na urefu wa mti. Mtoto wa miaka 13 mwenye utepe wa fundi cherehani anaweza kupima mashina siku nzima, na jioni akaelewa kwa nini mtu aliye mbali alipe ili mti wa Gazi usikatwe. Au asielewe, akabishana. Hilo nalo ni zuri.

Kuna swali la umri, nalo linawagawa wazazi wetu. Wengine wanataka wadogo peke yao, wakubwa peke yao, yaani darasa tulilolikimbia tulijenge upya ufukweni. Sisi wa pwani tumekulia katika vyuo vya Kurani, ambako mkubwa humsikiliza mdogo akisoma wakati mwalimu yuko na mwingine, na hakuna aliyeona ajabu. Kwenye kamba ya mikoko mtoto wa miaka sita anayejua kutambua kaa ana cheo chake. Wachanganyeni, ila wasizidi 12 hivi kwa safari moja. Wakizidi hapo, mtu mzima anageuka kuwa mchungaji, kazi inakufa.

Na wazazi tusogee pembeni. Nimeona mama akiinamia begani mwa mtoto, akimwandikia kipimo kwa sababu mwandiko wake utachafua daftari. Nimeona baba akitoa jibu kabla swali halijaisha. Kazi yetu ufukweni ni kuangalia maji yasitukate njia ya kurudi, kuhakikisha kila mtoto ana viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya mawe na miiba, maji ya kunywa yapo, kofia zipo. Baadaye ndipo tuzungumze, njiani, au jioni mtoto anapokula. Ripoti ya kurasa mbili baada ya kila matembezi ni njia ya uhakika ya kumfanya mtoto aichukie bahari.

Wanaopinga wazo langu wananiambia watoto watachoka na mahali pamoja. Watoto hawachoki na mahali penye kazi yao. Wanaochoka ni sisi, kwa kuwa tumekaa kwenye mkeka tukitazama tope lilelile. Hoja ya pili ina uzito zaidi: kuna watoto ambao wasipotembezwa na kikundi hawatafika popote, kwa kuwa nyumbani fedha hazitoshi. Hao wanastahili kumwona twiga. Lakini angalieni hesabu. Orodha ndefu ndiyo inayowafungia nje, kwa viingilio na nisani ya kukodi kila mwezi. Ufukwe hauna kiingilio, na matatu ya kawaida inafika. Akiba ya safari tano za bure inaweza kumlipia mwenzetu safari moja ya Gazi.

Kwa upande wa mafundi ninachosema ni kifupi, kwa sababu hatujafanya vya kutosha. Fundi wa majahazi akiwaruhusu watoto washike nyundo na kugongea pamba kwenye nyufa za mbao, yaani kalafati, basi mlipeni siku yake kama mngemlipa mwalimu. Tumezoea kumwona kama maonyesho ya bure. Anapoteza nusu siku ya kazi, na mbao zake si za kuchezea.

Linabaki suala la vijana wa miaka 14 na kuendelea, wanaoanza kuona matembezi ni mambo ya watoto. Wao wapewe matembezi yenyewe wayaendeshe. Wasome jedwali la maji ya Kilindini wachague siku, wapige simu kwa kikundi cha mikoko na kuomba ruhusa kwa adabu, wakubaliane nauli na dereva, wakusanye michango, wawakumbushe wazazi wanaochelewa kulipa (na hapo watajifunza mengi kuhusu watu wazima), kisha waweke hesabu kwenye kundi. Siku wakikosea kusoma jedwali tukafika maji yamejaa, tutakula viazi karai vyetu barazani kwa mtu, nao watapanga tarehe nyingine. Ninapendekeza tuanze na bamvua ijayo, na anayepinga aandike kwenye kundi kabla ya Ijumaa.