Korido la chombo cha anga, mabati ya Gerezani

Mtu akinionyesha picha ya kosplei ya sai-fai, yani kavaa kama mhusika wa filamu za anga, mimi siangalii silaha wala kofia, naangalia kidevu. Kama nyuma yake kuna korido la chombo cha anga lenye taa za bluu kila upande alafu kidevu chake kina jua la saa saba mchana la Sinza, basi hapo hakuna chombo, bekigraundi imebandikwa. Na sisemi kwa dharau, mimi mwenyewe nimebandika miaka kibao, kile kitambaa cha kijani unachopigia picha mbele yake alafu kompyuta inaweka mandhari nyingine palipo na kijani, nilichonunua Kariakoo, bado ninacho, siku hizi nafunikia pikipiki.

Kilichonichosha ni helmeti. Tulichukua ya bodaboda tukaipulizia rangi ya fedha ikang'aa kama sufuria mpya, sasa kila picha inakuja na doa la kijani kwenye helmeti, kitambaa kinaakisi, ukilifuta kwenye kompyuta unafuta na helmeti yenyewe, usiku kucha niko hapo. Baadae ndo nikaja kujua hata wenye hela zao Marekani hilo doa liliwasumbua, ile tamthilia ya The Mandalorian ya 2019 jamaa kavaa chuma cha kung'aa mwili mzima, na hiyo ni moja ya sababu waliacha kutegemea kijani wakajenga ukuta mkubwa wa skrini za LED unaoonyesha mandhari yenyewe, chuma kikaakisi kitu kilichopo kweli. Mimi ukuta wa hivyo natoa wapi. Ila mabati yapo.

Nikaamua kujenga korido lenyewe, nikaenda kwa mafundi vyuma wa Gerezani hapa Dar, kwa fundi mmoja mtu mzima, nikamwambia mzee wangu nataka fremu tano za mlango ila hazina mlango. Akaniangalia. "Za nini?" Chombo cha anga. "Injini iko wapi?" Nikamwambia hakiruki, ni cha kupigia picha, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Lakini ni yeye aliyenifundisha kitu ambacho nisingekijua, nilikuwa nataka achomelee kila kitu, akasema bati la ndege halichomelewi ovyo hivyo, linapigwa ribiti, vile vipini vya chuma vya kubana mabati, ukitaka mtu aamini mpangie ribiti mstari mmoja ulionyooka. Kweli bana. Ule mstari wa ribiti umefanya kazi kuliko rangi zote nilizonunua.

Na skrepa sio aibu ya maskini kwenye haya mambo. Filamu ya Star Wars ya 1977 mpambaji wa seti, yani mandhari ya kuigizia, Roger Christian alinunua vyuma chakavu vya ndege akavibandika kwenye kuta za vyombo, na mpini wa ule upanga wa mwanga aliuunda kwa mshikio wa flashi ya kamera ya zamani ya Graflex, kazi hiyo ikampa Oscar. Sasa mtu wa Dar aliyezungukwa na skrepa Gerezani nzima anasubiri nini kwakweli?

Siri ya seti ndogo ni kujenga kile tu lenzi inachoona. Fremu yangu ya kwanza ina upana wa mita 2, zinazofuata zinapungua, ya mwisho mita 1 na kidogo, kwahiyo korido la hatua sita kwenye picha linaonekana refu kama la hospitali, mradi tu anayepigwa picha asisogee kule mwisho maana atageuka jitu. Kuta ni lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la tivi. Hapo nililia, nililipulizia rangi ya kopo moja kwa moja likaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, paneli mbili zikabaki na mashimo, kumbe unatakiwa upake kwanza gundi ya mbao ikauke. (Yale mashimo tukasema kimondo kimepiga. Nayapenda kuliko zile paneli nzima.)

Taa ni LED za utepe, volti 12, za bei rahisi, na ubaya wake ukizipunguza mwanga kwa rimoti zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona ila kamera inaona, picha inatoka na michirizi. Ziache ziwake mpaka mwisho na ushushe shata, yani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, mimi nilikaa 1/50 ya sekunde.

Moshi sasa. Mashine ya moshi kukodi ni hela, bibi yangu ana chetezo. Tukachoma ubani, tukafunga dirisha, mwanga ukaanza kuonekana ukipita hewani kama mashuka ya bluu, yani mpaka mimi mwenyewe nikasahau tuko stoo ya nyumbani. Jirani akagonga mlango. "Hodi, jamani kuna msiba?" Akachungulia akamkuta mdogo wangu kavaa ovaroli ya gereji yenye mabomba ya mashine ya kufulia, akaondoka bila kuaga.

Ila pale ndo niliona tofauti yenyewe. Mbele ya kitambaa cha kijani mdogo wangu anasimama kama anapiga pasipoti saizi. Ndani ya korido akaegemea ukuta, akashika bomba, akainama kuangalia kule mwisho, hakuna aliyemwelekeza. Nilimpaka mafuta ya nazi kidogo mashavuni, ile bluu ikalala juu ya ngozi nyeusi vizuri kiasi kwamba sikugusa rangi kwenye kompyuta hata kidogo, na kwenye helmeti badala ya doa la kijani zikaonekana fremu zangu tano, ndogo, zimepinda.

Najua mtaniambia gharama, na ni kweli ilinila wikiendi tatu na hela ya kodi nusura iguswe, na jasho la mle ndani na dirisha limefungwa Januari hii ya Dar silitaki tena. Anayebandika anamaliza jioni moja. Sawa, ila kidevu chake nitakiona.

Nilimtumia fundi picha moja Whatsapp. Hakujibu kitu, kesho yake naiona kwenye status yake, chini kaandika: kazi za ofisi yetu, mageti na madirisha pia tunatengeneza.