Kishikwambi hakigongi lipu

Siku tatu mtandaoni, cheti kinakuja kwa barua pepe, na orodha ya kutia vema imo ndani ya kishikwambi. Ndivyo matangazo ya kozi za ukaguzi wa nyumba yanavyoahidi siku hizi. Ukihitimu, mstaafu anakuja na kiinua mgongo chake, anataka umwambie kama nyumba ya Kigamboni ainunue au aiache. Hongera, mkaguzi.

Orodha inauliza: "Ukuta una unyevu?" Mhitimu wetu anatoa kipima unyevu, anachomeka pini mbili kwenye lipu, namba zinapanda, anatia vema. Ripoti inasema ukuta umelowa. Labda umelowa, labda sivyo. Kifaa cha pini hakioni maji. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya pini, na ukuta wenye chumvi huupitisha kwa urahisi hata ukiwa na unyevu kidogo tu ulionyonywa hewani. Sasa hesabu mwenyewe nyumba za pwani zilizopigwa lipu kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa.

Aliyewahi kuzibomoa kuta hizi haanzi na kifaa. Anaangalia kwanza doa limekaaje. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi huacha mstari unaofuata ukuta kwa urefu, mara nyingi chini ya mita moja au zaidi kidogo. Chumvi ya mchanga haina adabu hiyo: inatoka kwa mabaka, hata juu ya linta, ile boriti inayopita juu ya milango na madirisha. Bomba lililotoboka hutoa baka moja linalokua, na ukifunga koki zote za ndani, kile kigurudumu kidogo cha mita ya maji bado kinazunguka. Doa la kwanza linadai kazi ya msingi, la pili linadai lipu ibanduliwe yote ipigwe upya kwa mchanga wa mtoni, la tatu linadai futi mbili za bomba. Kwenye kishikwambi yote matatu ni vema moja.

Kisha anagonga, kwa kifundo cha kidole au mpini wa bisibisi, kuanzia chini kwenda juu. Lipu iliyoshika inatoa sauti kavu, fupi. Iliyoachana na tofali inalia kama debe. Mara nyingi chanzo ni tofali ambazo hazikulowanishwa, zikanyonya maji ya lipu kabla sementi haijakomaa, au fundi aliyefunika ukuta uliopinda kwa mkupuo mmoja mnene. Sauti hizi sikio huzijua kwa kugonga, kukisia, kisha kushuhudia ukuta ule ule ukifunguliwa na kuona ulikisia sawa au ulikosea. Hapo penye kushuhudia ndipo penye elimu. Anayekagua nyumba mia mbili bila kurudi hata mara moja nyundo inapoingia huenda amekosea mara mia mbili bila kujua.

Nyufa nazo zinasomwa hivyo hivyo. Nywele nywele zilizosambaa kama ramani ni lipu iliyokauka haraka. Ziba, paka rangi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi unasema upande ule wa nyumba unazama. Chungulia ndani yake: ukiona rangi, ufa ni wa zamani na uliwahi kupakwa, kingo zikiwa safi, bado unatembea. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usiamini ziara moja. Paka utepe mwembamba wa jasi juu ya ufa, andika tarehe, rudi mvua zikishanyesha.

Umeme: hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta takriban ampia 24. Ikiwa imefungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba uliozikwa ukutani, mwembamba kwa mzigo huo, iwashe dakika kumi, kisha shika swichi yake. Ikiwa ya moto, hapo huhitaji orodha.

Haya, nikubali: kamera ya joto inasaidia, hasa kwenye paa la zege, mradi mshikaji ajue kwamba inaonyesha ubaridi wa uso wa ukuta tu, na kivuli cha mwembe nacho huleta ubaridi. Orodha pia inamkumbusha mtu asisahau chemba za maji taka. Na fundi wa miaka ishirini anaweza kuwa amekosea miaka yote ishirini, tunao wengi.

Lakini darini hakuna kishikwambi kinachopanda chenyewe. Silingi bodi mpya kwenye chumba kimoja tu, huku vyumba vingine vina za zamani, inafaa ikupandishe ngazi moja kwa moja. Huko juu chomeka bisibisi kwenye kenchi pale zinapokalia ukuta, ndipo mchwa huanzia. Mbao ikipokea bisibisi kama mkate, teremka ukaongee bei upya.