Malapa Bafuni

Mlango wa bafu langu haufungi wala haufunguki mpaka uuinue kidogo na kuusukuma kwa goti. Mgeni huwa namweleza kabla hajaingia, jinsi mtu anavyomweleza mgeni kuhusu mbwa wake: usiogope, ana tabia zake tu.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Zimmerman, Nairobi, ghorofa ya nne, na nyumba hii naijua kwa ila zake. Swichi ya taa ya chumbani iko nyuma ya mlango, kwa hivyo unaingia gizani, unafunga mlango, ndipo unawasha. Soketi ya jikoni imekaa upande kama kofia ya mlevi. Sakafu ya bafu, badala ya kuinamia tundu la maji, imeinamia mlangoni. Kila nikioga, maji yananitangulia sebuleni. Mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita ungetosha, na pimamaji ingeuonyesha kwa dakika moja. Lakini pimamaji, naona, huku kwetu ni kifaa cha kubebwa tu kwenye mfuko ili mteja akione.

Kuna kigae jikoni ambacho kimempanda mwenzake. Kidole changu cha mguu kinakijua vizuri. Nilimwita fundi akitazame. Akachuchumaa, akainamisha kichwa upande mpaka jicho likawa sawa na kigae, akasema, "Bosi, ukiangalia kutoka hapa, kimenyooka."

Sina chuki naye. Anayelipwa kwa mraba hana sababu ya kugeuka nyuma kuangalia mraba wa jana, na mwenye nyumba anataka wapangaji waingie kabla rangi haijakauka. Kinachonichoma ni kwamba uvumilivu huu ni wa upande mmoja. Nilipohama nyumba niliyokaa kabla ya hii, nilikatwa dipoziti kwa sababu ya matundu mawili ya misumari, kwenye ukuta uliopinda kiasi kwamba kabati langu liliugusa kwa pembe moja tu.

Hata hivyo nilikuwa nimefanya amani. Kizuri hakikosi ila, si ndivyo wanavyosema? Sisi wa Nairobi tumeigeuza methali hiyo kuwa mkataba wa kupanga.

Halafu ikaja habari ya shawa, ile ya umeme inayopasha maji. Tangu nihamie, ukigusa mfereji wakati wa kuoga unasikia mwasho mdogo vidoleni. Niliwauliza majirani. Wote walinijibu bila wasiwasi: vaa malapa. Ya mpira. Nikanunua jozi, nikayaweka bafuni, na kwa miaka mitano nimeoga na malapa kama mtu anayevuka mto. Hata wageni nimekuwa nikiwaeleza, baada ya somo la mlango.

Mwaka jana shawa ilianza kutoa harufu ya plastiki inayoungua, ndipo nikamleta fundi wa umeme. Alipofungua, aliguna. Ule waya wa kijani na manjano, unaopaswa kuupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya kifuniko, haujaunganishwa popote. Nyaya nyingine mbili zilikuwa za milimita za mraba 1.5, zile zinazovutwa kwa ajili ya taa. Shawa yangu ni ya wati 5,500. Kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23, na mzigo kama huo unahitaji waya mnene zaidi kwa mbali. Ganda lake lilikuwa limegeuka kahawia kama ugali ulioshika sufuria.

Hapo ndipo amani yangu ilipovunjika. Kigae kilichopanda ninakiona, nami ninachagua kukisamehe. Waya ule hakuna aliyeniuliza. Aliyeukata alijua kifuniko kitarudi mahali pake, na "ukiangalia kutoka hapa, kimenyooka" ile ile iliyokuwa ikinichekesha jikoni ndiyo iliyofanya kazi bafuni. Na mimi, kwa kuzoea kucheka, nilikuwa nimeuweka mwasho wa umeme kwenye kapu moja na swichi ya nyuma ya mlango. Ilipoanguka nyumba ile ya ghorofa mtaani Huruma, hapa Nairobi, mwezi wa Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, nililaani wajenzi kama kila mtu. Miaka kadhaa baadaye nikavaa malapa.

Nilimwandikia mwenye nyumba, nikamtumia picha za nyaya zile, kisha nikazunguka milango ya ghorofa yetu nikiwaonyesha majirani. Wawili walifunguliwa shawa zao wiki hiyo hiyo. Mmoja alinionyesha malapa yake, mapya, ya bluu.

Fundi alimaliza jioni. Nyaya mpya, waya wa ardhini umeunganishwa, swichi ya shawa nayo imebadilishwa. Akaingia bafuni kunawa mikono, akajifungia. Baada ya muda nikasikia kitasa kikihangaika.

"Bosi! Huu mlango unafunguliwa vipi?"

"Uinue kidogo," nikamwambia, "halafu uvute."