Wiki za ana kwa ana zisipunguzwe

Makala yenu inasifu kozi mseto za uzamili za kiangazi kwa walimu, yaani wiki chache chuoni na masomo mengine mtandaoni, kwa kuwa mwalimu hasomi kwa kuacha kazi. Kweli kabisa. Ila pendekezo lake la kupunguza wiki za chuoni ili gharama ishuke nalipinga. Bread Loaf, shule ya Kiingereza ya Chuo cha Middlebury, Marekani, imekuwa ikiwakusanya walimu wakati wa kiangazi tangu 1920, na shahada hukamilishwa kwa viangazi kadhaa. Kukutana huko si anasa. Mwaka mzima mwalimu yuko peke yake na wanafunzi. Ni nani humwona akifundisha? Katika wiki za chuoni hufundisha mbele ya wenzake, nao humkosoa bila kumwogopa wala yeye kuhofia kazi yake.

Mtandaoni pabaki kwa usomaji na, zaidi, kwa ufuatiliaji shule zikifunguliwa: kwa mfano, mwalimu mkuu anayesoma kozi hiyo ajaribu namna mpya ya kukagua vipindi, kisha aeleze kundi lake la masomo kilichotokea. Kazi hiyo ipewe alama nyingi kuliko insha yoyote. Malazi walipie waajiri. Na vyuo, tafadhali, msianze siku shule zinapofungwa; wakuu wa shule bado wana ripoti na usaili wa walimu wapya.